Jahazi la marehemu babu niliuze bei gani?

SWALI: Shikamoo mhariri, niko Mikindani, marehemu babu alikuwa fundi majahazi akatuachia jahazi dogo la mninga, urefu kama mkono, kuna mgeni kanipa elfu hamsini nikasita. Nimwambie ngapi?

JIBU: Marahaba mwanangu, umefanya vizuri kusita. Chungulia ndani kwanza, kama babu aliunga mkuku (uti wa chini wa chombo), mataruma (mbavu zake) na ubao mmoja mmoja kama jahazi lenyewe la baharini, hiyo ni kazi ya fundi haswa na bei yake haifanani kabisa na gogo moja lililokombwa tumbo. Tanga likichanika au kamba ya foromali (mti unaoshika tanga) ikikatika bei inashuka, ila usije ukapaka vanishi mpya, wanaonunua vitu vya kale wanautaka ule uzee wake! Masaa aliyotumia babu hayarudi yote kwenye bei, hilo nakwambia ukweli. Kinachopandisha ni ushahidi, jina lake, mwaka, picha yake akiwa kazini. Piga picha uwaulize wauza vinyago hapo Mtwara mjini na wa Mwenge Dar, ulinganishe. Kabla ya hapo hiyo elfu hamsini usiipokee.