Maswali na majibu: Tyneham, kijiji ambacho wenyewe hawakurudishwa

Barua kuhusu Tyneham, kile kijiji cha Dorset kusini mwa Uingereza, zimekuwa nyingi. Nachukua zile zinazojirudia.

Nimeona video inasema Tyneham kuna mizimu, ndiyo maana watu walikimbia. Ni kweli?

Si kweli, na naomba swali hili lisije tena. Hakuna aliyekimbia. Novemba 1943 wakazi wapatao 225 wa kijiji na vitongoji vyake waliletewa barua: ikifika tarehe 19 Desemba wawe wameondoka. Jeshi lilitaka eneo la vifaru kufanyia mazoezi ya mizinga. Anayetangaza mizimu anawafutia madai yao watu waliohamishwa.

Vita vilipokwisha, kwa nini hawakurudi?

Hawakurudishwa. Waliondoka wakiamini ni kwa muda. Mlangoni mwa kanisa la Mtakatifu Maria walibandika karatasi wakiwaomba askari walitunze kanisa na nyumba, kwani wameziacha ili kusaidia ushindi, na siku moja watarejea. Vita vikaisha 1945. Mwaka 1948 serikali ikalitwaa eneo kwa amri ya kununua kwa lazima, na mpaka leo liko mikononi mwa jeshi.

Mnauliza sana fidia. Ardhi ilikuwa ya familia ya Bond. Wanakijiji karibu wote walikuwa wapangaji. Mpangaji alilipwa thamani ya mazao yaliyokuwa bustanini kwake, basi. Mtu kazaliwa pale, kazika wazazi wake pale, halafu analipwa kabichi! Hili ndilo linaloniuma kuliko magofu yenyewe.

Wala msiseme watu walinyamaza. Kikundi cha kupigania kijiji kilianzishwa 1968. Mwaka 1973 kamati ya serikali chini ya Lord Nugent ilipendekeza jeshi liondoke Lulworth, yaani viwanja vya mazoezi ambamo Tyneham imo. Serikali ikakataa, na kilichopatikana ni raia kuruhusiwa kutembelea zaidi kuanzia 1975. Nawasihi, popote mlipo: ukiambiwa upishe kwa muda, dai maandishi yenye tarehe ya kurudi, hata kama wewe ni mpangaji. Hasa kama wewe ni mpangaji.

Niende siku gani?

Wikiendi nyingi na sikukuu panafunguliwa, lakini si zote. Soma ratiba ya viwanja vya Lulworth kabla hujatoka nyumbani.

Sina gari. Nitafikaje kutoka London?

Panda treni Waterloo, shuka Wareham, kisha chukua teksi. Mkiwa wanne mtachangiana. Patana na dereva kabisa saa ya kuja kuwachukua, msitegemee kumpigia simu kutoka bondeni. Kijijini hakuna duka wala mgahawa: bebeni chakula na maji, na taka mrudi nazo.

Watoto wangu wanapenda kuokota vitu. Naweza kuwaacha wachukue vipande vya chuma viwe ukumbusho?

Usithubutu, dada. Mizinga inapigwa pale hadi leo, na ardhini kuna makombora ambayo hayajalipuka. Waambie watoto kabla ya kushuka garini: hawaokoti chuma chochote, hata kiwe kidogo vipi, na hawatoki nje ya njia zenye nguzo za njano. Bendera nyekundu zikipandishwa, hakuna kuingia. Kila mara naandikiwa na watu waliotoka njiani "kidogo tu" kupiga picha. Acheni.

Mbali na kuta zilizobomoka, kuna cha kuona?

Kipo. Ingia shuleni kwanza. Ilifungwa 1932 kwa kukosa watoto, kwa hiyo msidhani kijiji kilikuwa kimenawiri mpaka siku ya barua. Kilikuwa kimeshaanza kupungua. Darasa limerudishwa lilivyokuwa: madawati, madaftari, na ukutani vile vigingi vya kutundikia makoti, juu ya kila kimoja jina la mtoto. Simama usome majina yale. Kisha nenda kwenye safu ya nyumba za posta, yenye kibanda cha simu cha zege mbele yake. Ukitembea kama maili moja utafika ghuba ya Worbarrow, ambako nako kulikuwa na nyumba za wavuvi.

Wengine wanasema jeshi limeyaokoa mazingira. Unasemaje?

Wana hoja. Hapakujengwa mahoteli, hapakulimwa kwa madawa, na maua ya mwituni, vipepeo na ndege wamestawi. Lakini mazingira yanalindwa kwa sheria bila kumnyang'anya mtu nyumba, na Dorset hiyohiyo ina ufukwe ulioingia kwenye urithi wa dunia mwaka 2001 huku vijiji vyake vingine vikiwa na watu.

Naweza kununua nyumba moja nikaikarabati?

Hapana. Ni mali ya Wizara ya Ulinzi na haiuzwi. Ikitokea siku inarudishwa kwa raia, wa kuulizwa kwanza ni wajukuu wa waliohamishwa.