Mafuta ya mbegu za maboga na tezi dume
Mafuta haya huenda yakasaidia kidogo kwenye dalili za tezi dume iliyotanuka, zile za kuamka usiku kukojoa na mkojo kutoka kwa kusuasua, ila tezi yenyewe hayaiponyi na kansa ndo kabisa hayatibu. Utafiti mkubwa ni wa Ujerumani ulitoka 2015, wanaume zaidi ya 1,400 mwaka mzima, na hapo waliopata nafuu kuwazidi wa dawa bandia (placebo, yaani kidonge cha kulinganishia kisicho na dawa ndani) ni waliokula mbegu zenyewe gramu 5 mara mbili kwa siku, wa kapsuli za dondoo la mbegu hizo hawakuwapita wa dawa bandia. Mafuta yamepimwa kwa vikundi vidogo tu. Tena karibu nusu ya wale wa dawa bandia nao walipata nafuu, so shuhuda za mitandaoni achana nazo. Ukiona damu kwenye mkojo au umeziba, hospitali chap.