Maji Yakishaingia Ndani: Maswali Yenu ya Msimu wa Mvua

Tunaishi South C, nyumba ya chini. Mvua ya usiku ilileta maji ya mtaro hadi magotini, na choo nacho kikafurika. Asubuhi maji yalikuwa yameshuka. Sofa, godoro, kabati za jikoni na sakafu ya parketi vyote vimelowa. Nianzie wapi, na nitupe nini? – Mama wa Watatu, South C

Pole sana, mama. Anza na stima. Kama swichi kubwa huifikii bila kukanyaga maji, usiikaribie. Piga simu Kenya Power wakukatie kutoka nje. Paipu za waya zilizo ndani ya ukuta hubaki na maji hata sakafu ikishakauka, kwa hiyo usirudishe stima kwa sababu tu chini panaonekana pakavu. Fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati, afungue kila soketi iliyofikiwa na maji na kupima waya kwanza.

Cha pili ni kujua umeingiliwa na maji gani. Godoro lililomwagikiwa na maji ya bomba unaweza kulikausha juani siku hiyohiyo. Yako yana kinyesi, na sponji ikishayanywa haisafishiki: sabuni hufika juu tu, uchafu unabaki katikati. Tupa godoro, mito, zulia zito na sponji ya sofa. Tunajua inauma, lakini usimlaze mtoto juu ya godoro hilo hata likikauka likaacha kunuka. Fremu ya sofa ikiwa ya mbao ngumu, vua kitambaa na sponji, ioshe, ikauke kivulini, kisha fundi wa viti aivishe upya.

Nguo, mashuka na mapazia vinaokolewa. Toa matope kwa maji baridi, ndipo ufue kwa maji moto na sabuni na kuanika juani. Sufuria, sahani na glasi zioshe kwa sabuni, uzisuuze, kisha uzitie dawa ya klorini. Mwiko, ubao wa kukatia mboga na chuchu za chupa ya mtoto, tupa. Unga, mchele na sukari vilivyoguswa, tupa hata kama mfuko umelowa pembeni tu.

Kwa klorini, soma chupa. Ikiwa imeandikwa asilimia 3.5, changanya kikombe 1 cha dawa na vikombe 6 vya maji, upate asilimia 0.5 ya kupaka sakafuni na chini ya kuta. Osha matope kwanza, maana uchafu huimaliza nguvu klorini kabla haijaua kitu. Iache dakika 10. Vaa glavu, fungua madirisha, na usiichanganye kamwe na asidi ya kusafishia choo, kwa sababu hutoa gesi inayochoma mapafu. Vyombo vya kulia usuuze tena kwa maji safi baadaye.

Kabati za jikoni zitazame ukingoni. Kama ndani unaona vumbi la mbao lililogandishwa kwa gundi, limeshavimba na halitarudi. Za mbao halisi osha, toa droo zote, na uzisogeze mbali na ukuta angalau sentimita 30.

Ukungu huanza kuota ndani ya saa 24 hadi 48, kwa hiyo siku mbili za kwanza ndizo za kupigania. Fungua madirisha ya pande mbili zinazotazamana na, stima ikisharudishwa salama, weka feni dirishani ikisukuma hewa nje. Usiwashe jiko la makaa ndani ili nyumba ikauke: moshi wake usioonekana huua, na watu hufa hivyo usingizini. Ujue pia kwamba ukuta uliolowa Mei hukaukia katika baridi na mawingu ya Juni hadi Agosti, kwa hiyo hesabu wiki nyingi, si siku.

Parketi usiikwangue sasa. Kingo zimeinuka kwa sababu upande wa chini una maji mengi kuliko wa juu. Ukiisawazisha kwa mashine leo, ikikauka kingo zitashuka na katikati patabaki nundu. Vipande vilivyobanduka vipange kwa vijiti katikati ili hewa ipite, uweke uzito juu.

Dari la chumba chetu lina doa la kahawia. Mwenye nyumba amelipaka rangi mara tatu na kila mara linarudi. Anasema ni unyevu wa kawaida. – Mpangaji, Umoja

Si wa kawaida, ndugu. Doa linalorudi lina maji nyuma yake, na rangi haijawahi kuziba maji.

Lizungushie mstari wa penseli na uandike tarehe. Likikua baada ya mvua, tatizo liko juu: msumari wa bati, gata iliyoziba majani, au slabu iliyopasuka. Likikua hata kiangazi, tafuta bomba, tangi au bafu la jirani wa juu. Bafu linapimika. Ziba tundu la kutolea maji kwa kitambaa, mwaga maji sakafuni yafike sentimita 3, subiri saa moja. Maji yakipungua au doa likiloa, sakafu ya bafu ndiyo inayovuja.

Dari la jipsamu likianza kuning'inia, ondoka chini yake. Mita moja ya mraba yenye maji ya kina cha sentimita moja tu inabeba kilo 10. Zima stima, weka ndoo, kisha ukiwa umesimama pembeni litoboe kwa bisibisi pale palipoinama zaidi.

Kama dari ni la zege na unaona ufa ulionyooka wenye rangi ya kutu, mwambie mwenye nyumba kwa maandishi, ukiambatanisha picha. Nondo zinaota kutu. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, na ndiyo hupasua zege na kuangusha vipande. Hapo anahitajika injinia, si mpaka rangi.

Uvujaji ukishazibwa, chumvi nyeupe iliyoachwa na maji darini iondoe kwa brashi kavu. Ukiiosha, maji huirudisha ndani. Kisha bandika nailoni ya sentimita 45 kila upande, kingo zote zimezibwa kwa selotepu, uiache saa 16 au zaidi. Ikiwa na jasho nyuma, bado. Ikiwa kavu, paka kwanza rangi ya mafuta mahali pa doa, maana rangi ya maji huyeyusha ule ukahawia na kuupandisha juu.

Hatimiliki, vyeti vya shule na picha za harusi vimelowa na kushikana. – Baba, Mathare North

Usivitenganishe kwa nguvu, baba, na usivipige pasi. Kama huwezi kuvianika vyote leo, vifunge kwa mafungu madogo kwenye mifuko ya kuhifadhia chakula na uvitie friza. Barafu husimamisha ukungu, nawe utavishughulikia fungu moja moja. Karatasi zinazong'aa ziwahi mbele, kwa kuwa zikikaukiana hazitengani tena.

Karatasi nyingine zitandaze juu ya taulo ndani ya nyumba, mbali na jua, na ubadilishe taulo likilowa. Picha za studio zilizochafuka zisuuze kwenye beseni la maji baridi safi bila kugusa uso wake, uzilaze uso juu. Usikimbilie kulamineti cheti chenye unyevu, ukungu utafungiwa humo ndani.

Friji imekauka nje. Niiwashe nione? – Githurai

Hapana. Maji yaliyobaki kwenye kompresa au saketi huunguza kilichokuwa bado kizima. Fundi aifungue kwanza. Televisheni vilevile.

Tangi letu la chini ya ardhi lilifunikwa na maji ya mafuriko. – Imara Daima

Usiyatumie hata kuoshea vyombo. Yatoeni yote, sugueni kuta na kutoa tope. Mtu asiingie tangini peke yake, kwa sababu hewa humo inaweza kuwa haitoshi. Mwingine abaki juu akiwa na kamba. Jazeni maji safi, mtie lita 1.5 za klorini ya asilimia 3.5 kwa kila lita 1,000, mfungulie bomba zote hadi msikie harufu, kisha mzifunge kwa saa 24. Maji hayo si ya kunywa: yamwageni, msuuze tangi, ndipo mjaze ya matumizi.