Kuvua kwa kayaki usiku: maswali yenu na majibu

Taa ya kichwani peke yake inatosha?

Haitoshi. Taa hiyo hufuata kichwa chako: ukiinama kumtoa samaki kwenye ndoana, boti inayokuja kwa nyuma haioni kitu. Simika mlingoti mwembamba nyuma ya kiti, juu yake taa nyeupe inayoonekana pande zote, ipite kichwa chako kwa nusu mita hivi ili mwili usiikinge. Chini ya taa weka kisahani cheusi, mwanga usikuangukie machoni. Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini za mwaka 1972 zinaruhusu chombo cha makasia kuwa na tochi nyeupe tu, iwe tayari kuonyeshwa mapema. Hicho ni kima cha chini. Kwa mtu aliyekaa karibu usawa wa maji ni kidogo mno. Tochi ya ziada, isiyopitisha maji, ining'inie kifuani.

Kwa kufunga ndoana tumia mwanga mwekundu hafifu. Macho huchukua dakika 20 hadi 30 kulizoea giza, na mmweko mmoja mweupe unakurudisha mwanzo.

Chini ya taa za gati samaki wanarukaruka, lakini chambo hawagusi. Kwa nini?

Wanaorukaruka ni wadogo, wamefuata vijidudu vinavyovutwa na mwanga. Mkubwa unayemtaka yuko pale mwanga unapokutana na kivuli, kichwa kimeelekea mkondo unakotoka, anangoja kuletewa. Basi kaa gizani, tupa upande ambao mkondo unatokea, na uache chambo kiingie kivulini chenyewe. Chambo bandia kiwe cheusi au cha zambarau iliyokolea: samaki anakitazama kutoka chini, na umbo jeusi hujitokeza vizuri dhidi ya anga. Vuta polepole, mwendo ule ule, ukisimamasimama anakikosa.

Usimulike maji. Na kafi likigonga ubavu wa kayaki, sauti inafika chini mara moja. Tandika sponji chini ya kisanduku cha ndoana.

Jambo moja ambalo wengi hawalijui: samaki wembamba wenye midomo mirefu iliyochongoka hurukia mwanga, na wameshawahi kujeruhi watu. Ukiwaona, zima taa ya kichwani.

Nikitia nanga kayaki inalala upande na maji yanaingia.

Umefunga kamba ubavuni. Kamba ivute kutoka ncha ya omo (mbele) au ya tezi (nyuma) tu. Pitisha kamba nyembamba kwenye kapi mbili, moja kila ncha, iwe na pete ya kuisogeza nanga bila kuinuka. Nanga ya kilo 1.5 yenye mnyororo mfupi inatosha kwenye maji tulivu. Toa kamba angalau mara tatu ya kina, na mwisho wake ufunge boya lenye utepe unaong'aa, ili uweze kuiachia papo hapo na kuirudia baadaye. Kisu kiwe kwenye jaketi la kuokolea. Mkondo ukiwa mkali, usitie nanga kabisa.

Jioni bahari ilikuwa shwari, alfajiri kurudi ikawa shida. Nini kilitokea?

Umande, upepo wa nchi kavu. Usiku ardhi hupoa haraka kuliko bahari, hewa ikasukumwa kwenda nje. Unadanganya kwa sababu karibu na pwani hauinui mawimbi. Kadiri unavyosogea nje ndivyo maji yanavyochafuka. Chagua taa mbili za nchi kavu, moja nyuma ya nyingine: zikianza kuachana, unachukuliwa. Unapousikia shingoni umetazama baharini, geuza. Usingoje samaki mmoja zaidi.

Nikipinduka?

Shika kayaki kwanza, kafi baadaye (nalo liwe limefungwa kwa kamba). Ikiwa ni ya kukalia juu, igeuze, piga miguu hadi mwili ulale juu ya maji, jivute tumbo likatize kiti, jigeuze ukae, kisha rudisha miguu. Fanya zoezi hili mchana, umevaa jaketi, hadi liwe jepesi. Asiyeliweza mchana asitoke usiku.

Mbalamwezi au giza?

Penye taa za gati, giza. Mahali pasipo taa, mwezi unakusaidia kuona miamba, nasi tungeuchagua. Ila mwezi mpevu huja na bamvua, maji kujaa na kupwa sana, na mkondo wake unakaza.