Stelingi ngumu ya pikapu kuukuu: pampu iwe mshukiwa wa mwisho

Mwaka wangu wa pili gerejini niliifungua pampu ya pawa stelingi ya Hilux ya mzee mmoja aliyekuwa akibeba nyanya kutoka Ilula, nikatangaza kwamba imekufa. Mzee akatoa hela, pampu ya mtumba ikaagizwa Dar, ikafika na basi baada ya siku tatu. Nikafunga, nikajaza mafuta mekundu mapya, nikawasha gari. Stelingi ilikuwa ngumu vilevile. Nikainama kukaza nati ambayo nilijua imeshakazwa, ili tu nisitazamane na mzee. Bosi wangu, ambaye muda wote alikuwa amekalia siti iliyong'olewa kwenye gari jingine akinywa chai, akaja akaniuliza kwa sauti ya chini: "Tairi ulinyanyua?"

Sikuwa nimenyanyua. Tulipoweka jeki na stendi, injini ikiwa imezimwa, stelingi ile ilitaka mikono miwili na mguu mmoja kwenye mlango. Beringi za kingpini, zile ambazo gurudumu hugeukia, upande wa kushoto zilikuwa zimekauka, grisi imegeuka udongo mwekundu. Pampu ya zamani ya mzee haikuwa na kosa lolote. Tuliirudisha, na ile ya mtumba ilikatwa kwenye posho yangu.

Kwa hiyo, mdogo wangu uliyetoka chuo cha ufundi cha VETA juzi, ukiletewa Hilux ya zamani na mwenye gari anasema "stelingi imekuwa jiwe", usikimbilie spana. Muulize kwanza ni ngumu lini. Asubuhi tu ikiwa ya baridi? Ikishapata moto? Gari likiwa limesimama, au hata kwenye mwendo? Kukata kulia na kushoto ni sawa? Je, ukiiachia baada ya kona inarudi yenyewe, au inabaki ulipoiacha? Majibu hayo matano yatakuokolea nusu siku. Na uliza jambo la sita, ambalo wateja hawapendi kulijibu: nani aliigusa mara ya mwisho, na alifanya nini.

Kisha zunguka gari. Pima upepo wa tairi za mbele. Unacheka, lakini nimeona pikapu ikishushwa boksi la stelingi, lile lenye gia za kugeuzia magurudumu, wakati tairi moja lilikuwa nusu tupu. Upepo unaotakiwa umeandikwa kwenye kibandiko cha mlangoni kama hakijang'oka. Tazama pia kama mwenye gari amevisha matairi mapana kuliko yale ya kiwandani. Tairi pana linapendeza machoni, ila ukiligeuza gari likiwa limesimama linasugua lami kwa eneo kubwa zaidi, na mfumo uliotengenezwa kwa tairi jembamba unalalamika. Hapo huna cha kutengeneza. Mwambie ukweli.

Sasa jeki. Weka kabari nyuma ya magurudumu ya nyuma, nyanyua mbele, shusha gari kwenye stendi mbili. Jeki peke yake na jiwe pembeni si stendi, na kama gereji yenu haina stendi, afadhali usubiri kuazima kuliko kuingia chini. Injini imezimwa. Zungusha stelingi kutoka mwisho wa kushoto hadi mwisho wa kulia, polepole, kwa vidole. Gari lenye pawa likiwa limezimwa huwa zito kidogo kwa sababu unasukuma mafuta ndani ya boksi, lakini uzito huo unakuwa sawa njia nzima. Ukikuta inagoma, inaachia, inagoma tena, au inahitaji nguvu ya kweli, tatizo lako ni la vyuma. Pampu isahau kwa sasa.

Halafu gawa mzigo. Chomoa fimbo inayotoka kwenye mkono wa boksi kwenda magurudumuni. Tumia kivutio cha boljointi (kiungo chenye kichwa cha duara), usipige nyundo kwenye nyuzi. Ikishaachia, geuza stelingi: kama sasa ni laini, ugumu uko kwenye magurudumu. Shika tairi kwa mkono na uligeuze, litakuonyesha lenyewe. Kama stelingi bado ni ngumu na fimbo imechomoka, ugumu uko juu, kwenye boksi au kwenye shafti inayoshuka kutoka kabini. Kipimo hiki hakigharimu chochote zaidi ya dakika ishirini na pini mpya ya kufungia nati, nami nashangaa mafundi wengi wazima wanavyokiruka.

Kwa upande wa magurudumu, jua ekseli uliyonayo. Hilux za zamani za magurudumu manne zenye ekseli nzima mbele na springi za majani zina beringi za kingpini juu na chini ya kila nako, yaani chuma kinachobeba gurudumu na kugeuka nalo. Beringi hizo zinaishi kwenye grisi, na grisi hiyo huoshwa na maji ya mito na madimbwi pale sili za nako zinapochakaa. Ukifungua, hesabu shimu (vibati vyembamba vya kujazia) zilizoko juu na chini na uzirudishe zilipokuwa. Ukipunguza shimu, unazikaza beringi na utakuwa umeongeza ugumu uliokuja kuutoa. Hilux zenye springi ya fimbo ya chuma inayojisokota, ile toshonibaa, zina boljointi badala yake, na zina mkono wa pembeni unaoshikilia fimbo upande wa pili wa boksi. Bushi ya mkono ule ikishika kutu, stelingi inakuwa nzito bila hata tone moja la mafuta kuvuja. Watu huusahau kwa sababu hauna kelele.

Kwa upande wa juu, tazama jointi ndogo ya msalaba kwenye shafti ya stelingi, hasa iliyo karibu na ekzosi au iliyopigwa na tope. Ikikauka, utasikia stelingi inakamata mara mbili katika kila mzunguko mmoja, kama mtu anayechechemea. Ukisikia mdundo huo wa kukamata na kuachia kwa mpangilio, umeshapata.

Hapa ndipo nataka ukae nami, maana kosa hili tunalitengeneza sisi wenyewe. Juu ya boksi la stelingi kuna skrubu yenye nati ya kufungia. Mteja analalamika stelingi ina plei, yaani inacheza bila magurudumu kugeuka, fundi anaikaza skrubu ile robo, nusu, mzunguko mzima, plei inaisha, mteja anashukuru, analipa. Wiki mbili baadaye anarudi: stelingi ngumu, na ukikata kona hairudi. Skrubu ile inaurekebisha msogeo wa gia ndani ya boksi pale katikati, magurudumu yakiwa yamenyooka. Haikuwekwa pale kuficha tairodi (fimbo zinazogeuza magurudumu) zilizokwisha. Plei nyingi ya Hilux kuukuu iko kwenye boljointi za fimbo na kwenye bolti za boksi zilizolegea kwenye chesisi, na anayeikaza skrubu anazisaga gia kulipia dhambi za tairodi. Ukikuta alama mpya za spana kwenye nati ile na rangi imebanduka, rudi kwenye lile swali la sita.

Tuseme sasa vyuma vyote ni vizuri, gari hewani linageuka kwa vidole, lakini likiwa chini na injini inawaka ni zito. Sasa ndiyo una haki ya kuufikiria mfumo wa mafuta. Anza na kipimo cha sekunde tatu: injini imezimwa, magurudumu chini, shika stelingi na uibane kidogo upande mmoja, kisha mwenzako awashe gari. Mfumo ukiwa mzima utaisikia stelingi ikilegea mkononi mara injini inapopokea. Isipolegea kabisa, hakuna presha inayofika.

Tazama beliti. Igandamize katikati kwa kidole gumba kwa nguvu. Ikishuka kama milimita 10 ni sawa, ikizama zaidi inateleza. Beliti inayoteleza hupiga ukelele unapokata hadi mwisho, na uso wake unang'aa kama kioo. Gari likizama kwenye dimbwi, stelingi inakuwa ngumu ghafla kisha inarudi: hiyo ni beliti pia. Kuna injini ambazo pampu inazungushwa na gia na hakuna beliti ya kutazama, kwa hiyo usimtafute asiyekuwepo.

Halafu fungua kikopo cha mafuta na unuse. Toyota za umri huu zinatumia hydroliki nyekundu ya ATF, daraja la Dexron II au III. Ikiwa kahawia na inanuka kuungua, imechoka. Ikiwa ina povu na rangi ya maziwa ya waridi, kuna hewa. Ikiwa nzito na nyeusi, mtu ameweka oili ya injini. Kwetu Iringa, Juni na Julai, gari la namna hiyo huwa jiwe asubuhi na linalainika saa nne jua likishapanda. Ndiyo maana nilikwambia uulize ni ngumu lini. Kinyume chake, stelingi iliyo laini asubuhi na inakuwa ngumu injini ikishapata moto inaelekeza kwenye pampu iliyolika, kwa sababu mafuta yakiwa mepesi yanapenya kila penye mwanya na presha haikai. Pampu hiyo hujisaliti pia kwenye sailensa, yaani injini ikizunguka polepole bila kukanyagwa mafuta, gari likiwa limesimama: ni ngumu, lakini ukikanyaga mafuta kidogo inalainika.

Kubwa kuliko yote ni mafuta ya breki. Dereva amekwama njiani, kikopo kimekauka, dukani kuna mafuta ya breki tu, anamimina. Sili za boksi na pampu hazikutengenezwa kuyavumilia. Zinavimba, zinalainika, zinaanza kuvuja. Ukigundua mapema, osha mfumo wote mara moja. Ukichelewa, andaa seti nzima ya sili, na mweleze mwenye gari sababu kabla hujataja bei.

Stelingi iliyo ngumu kulia na laini kushoto isikupeleke kwenye pampu hata kidogo. Pampu moja inalisha pande zote mbili, haina upendeleo. Upande mmoja ukilala njaa, tafuta ndani ya boksi, kwenye valvu yake au sili ya pistoni.

Hewa nayo ina ujanja wake. Mpira unaotoka kwenye kikopo kuingia pampu unavutwa, hausukumwi. Klipu yake ikilegea, injini ikiwa inawaka inaweza kunyonya hewa bila kuvuja nje, kwa hiyo utatafuta tone chini ya gari usilione. Wapo wanaoweka kipande cha mpira wa rejeta pale. Usifanye hivyo: mafuta yanauozesha, unavimba ndani, vipande vyake vinaziba kichujio kilicho chini ya kikopo, na pampu inabaki inalia kama mbwa wa jirani.

Kutoa hewa, nyanyua mbele, jaza kikopo, injini imezimwa, na ugeuze stelingi polepole mwisho hadi mwisho mara kadhaa huku ukiongeza mafuta. Kisha washa, rudia, na usiibane mwishoni zaidi ya sekunde 10, maana pale presha yote inagonga ukuta na mafuta yanachemka. Baadaye zima injini na utazame kikopo: mafuta yakipanda zaidi ya milimita 5, hewa bado imo. Kuosha ni hivyohivyo, ila unauchomoa mpira wa kurudishia, unauelekeza kwenye chupa, unaziba tundu lake kwenye kikopo, na mwenzako anageuza huku wewe ukimimina. Lita mbili zitakutosha. Kikopo kisikauke hata mara moja. Na usitafute uvujaji wa mpira wa presha kwa kupapasa wakati injini inawaka. Mafuta yanayotoka kwenye tundu la sindano kwa presha ile yanaingia ndani ya nyama, na hilo ni jeraha la hospitali.

Limebaki moja, lililonitesa kuliko pampu ya yule mzee. Hilux ya petroli, stelingi inakuwa ngumu kila baada ya wiki mbili, kikopo kinakauka, na hakuna tone popote: si kwenye boksi, si kwenye mipira, si sakafuni. Dereva anaongeza, inalainika, inakauka tena. Nilimshuku dereva anauza hydroliki. Siku moja akiondoka niliona moshi mweupe mzito ekzosi, na harufu haikuwa ya oili ya injini. Kwenye pampu za Toyota nyingi za petroli kuna valvu ndogo ya hewa yenye mipira miembamba inayokwenda upande wa injini inakovuta hewa. Kazi yake ni kuinua sailensa unapokata stelingi gari likiwa limesimama. Sili yake ikikatika, injini inanyonya mafuta ya stelingi na kuyachoma. Nilichomoa mpira mmoja, ukamwaga mafuta mekundu mkononi.

Valvu haikupatikana mjini wiki ile. Tuliziba mipira yote miwili, upande wa pampu na upande wa injini, maana ukiacha upande wa injini wazi sailensa haitatulia, tukamwonya dereva kwamba injini itazama kidogo akikata kona akiwa amesimama. Aliahidi kurudi valvu ikifika. Valvu ilifika, ikakaa kabatini miaka miwili, kisha tukaiuza kwa mtu mwingine.