Picha Ikikatakata, Kagua Waya Kabla ya Kununua King'amuzi

Kwenye nyumba za karibu na bahari, kuanzia Nungwi hadi Makunduchi, cha kwanza kuharibika kwenye TV ya dishi ni konekta ya waya iliyo juu ya paa. Kusi ikivuma inabeba chumvi, chumvi inavuta unyevu, shaba inaota kutu ya kijani, na picha inaanza kuganda. Watu hukimbilia king'amuzi kipya na tatizo linabaki palepale. Inauma kuona pesa ikipotea hivyo.

Kabla hujapanda, fungua menyu utazame nguvu ya mawimbi na ubora wake. Nguvu ikiwa kubwa na ubora unapandashuka, mara nyingi dishi limegeuka au maji yameingia kwenye waya. Vyote vikiwa sifuri, waya umekatika au umepiga shoti.

Chomoa king'amuzi kwenye umeme, fungua konekta, chuna waya utazame wavu ulio chini ya gamba. Ukiwa mweusi au una unga mweupe, kata sentimita 20, chuna tena, mpaka uone wavu unaong'aa. Mita nzima ikiisha na bado mweusi, tupa waya wote ununue RG6 ya omu 75. Kwa konekta mpya, chuna gamba la nje milimita 15 hivi na ukunje wavu nyuma. Waya wa kati utokeze milimita 2 nje ya mdomo wa konekta. Unywele mmoja wa wavu ukigusa waya wa kati, picha yote inapotea.

Halafu zungushia utepe wa mpira kuanzia chini kwenda juu, kila mzunguko ulalie ule wa chini yake, kama makuti yanavyoezekwa. Ukianzia juu, mikunjo inakinga maji na kuyaingiza ndani. Waya unapokaribia tundu la ukutani, uachie kitanzi kining'inie chini yake, matone yadondokee hapo.

Kugawa waya wa dishi kwa TV mbili kwa kigawanyo cha kawaida, usithubutu. King'amuzi huiamrisha LNB, kile kichwa kilicho mbele ya dishi, kwa volti 13 au 18 ichague chaneli za mawimbi ya wima au ya mlalo. Viwili vikiamrisha tofauti kwenye waya mmoja, kimoja kinakosa chaneli zake. Nunua LNB ya matundu mawili, kila king'amuzi kipate waya wake.

Tazama na miti. Dishi la Azam huelekea magharibi, kaskazini kidogo, kwa kuwa setilaiti yake iko longitudo ya nyuzi 7 mashariki, yaani magharibi mwetu. Ukiwa Unguja, ni mwinuko wa nyuzi 52 hivi. Mnazi ulio mita 10 upande huo, ukilizidi dishi kwa mita 13, makuti yake yanaingia njiani, na upepo ukiyatikisa picha inakatika na kurudi.

Mvua kubwa ya masika ikikata picha dakika chache, subiri ipite. Ikikatika kwa manyunyu tu, rudi kwenye konekta.