Damu ya Kutunga na Damu Yenye Wenyewe

Mwezi uliopita tuliomba maswali juu ya hadithi za mauaji: riwaya, tamthilia, na vile vipindi vya sauti vinavyosimulia kesi za kweli. Tumechagua matano. Mawili tumeyajibu kwa urefu kwa sababu waulizaji wana kazi mkononi.

Kuku akichinjwa mimi huondoka uani. Lakini usiku silali mpaka nimalize sehemu mbili za tamthilia ya mauaji, na mume wangu ananicheka. Nina kasoro gani? (Mama M., Jang'ombe)

Huna kasoro, mama. Kuku anayetapatapa uani anakufa kweli, na damu yake utaifagia wewe. Maiti ya kwenye tamthilia ni mtu aliyelipwa alale sakafuni asipepese macho. Moyo unakwenda mbio huku akili inajua kuwa mlango wa nyumba yako una komeo, na utamu wenyewe umo humo. Tena kuna fumbo. Aliyekulia kwenye vitendawili hawezi kulala na kitendawili ambacho hakijateguliwa.

Kuhusu kicheko cha mumeo: mwaka 2010 watafiti wawili wa Marekani, Amanda Vicary na R. Chris Fraley, walichapisha utafiti ulioonesha kuwa wanawake huvutwa na vitabu vya mauaji ya kweli kuliko wanaume, hasa kitabu kikieleza namna aliyeshambuliwa alivyomponyoka muuaji. Walipendekeza kwamba msomaji, hata bila kujua, anatafuta mbinu za kujiokoa. Mweleze hivyo, kisha mwambie asogee kidogo na yeye atazame.

Wala si maradhi ya zama za simu. Agosti 1828 William Corder alinyongwa hadharani Bury St Edmunds, Uingereza, kwa kumuua Maria Marten. Watu walijaa kwa maelfu. Karatasi za mashairi ya kisa chake ziliuzwa mitaani, ghala alimofukiwa marehemu likabanduliwa mbao za kuweka kumbukumbu, na nakala moja ya kitabu cha kesi ikajalidiwa kwa ngozi ya Corder mwenyewe. Ipo makumbusho mpaka leo. Uingereza iliacha kunyonga hadharani 1868. Ufaransa iliendelea kukata vichwa mbele ya umma mpaka Juni 1939, ikaacha baada ya vituko vya umati uliokusanyika Versailles.

Naandika hadithi ya upelelezi (rasimu nimeiambatisha), mauaji yanatokea Jambiani. Daktari wangu anaitazama maiti asubuhi na kusema: "Alikufa saa nne na dakika ishirini usiku." Mwalimu anasema daktari huyo anajua mno. Nirekebishe vipi? (Mwanafunzi, Makunduchi)

Mwalimu wako ana haki. Daktari wa kweli hatoi dakika. Hutoa mwanya wa saa kadhaa, tena kwa kusitasita, na saa za mwanzo hutegemea zaidi mambo matatu.

La kwanza ni joto la mwili. Kwenye nchi za baridi maiti hupoa kwa kiasi cha digrii moja kila saa, na hadithi nyingi za kigeni zimejengwa juu ya hesabu hiyo. Jambiani usiku wa kaskazi hewa ina digrii 27 au 28, na mwili wa mtu una 37. Tofauti ni ndogo, kupoa kunakwenda pole pole, na hesabu ya London huku hupotosha. La pili ni kukakamaa. Huanza saa mbili hadi nne baada ya kufa, taya na shingo kwanza, hukamilika kwenye saa 12 hivi, kisha viungo huanza kulegea siku ya pili. Joto huharakisha yote hayo, na aliyekimbizwa au kupigana kabla ya kufa hukakamaa mapema zaidi.

La tatu ndilo lenye faida kwa mtunzi: damu kutuama. Moyo ukisimama, damu hushukia upande wa chini wa mwili na kutia rangi ya zambarau ambayo huonekana ndani ya saa mbili hivi. Kwenye ngozi nyeusi huhitaji mwanga mzuri na jicho lililozoea. Baada ya saa nane hadi 12 rangi hiyo haihami tena. Sasa, maiti imekutwa chali, lakini rangi iko kifuani na tumboni. Maana yake mtu alirudi akaigeuza, na alirudi saa nyingi baadaye. Alirudi kutafuta nini? Hapo una sura nzima ya kitabu.

Kuna saa nyengine bora kuliko ya daktari, nayo hujaigusa: bahari. Siku za bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, Unguja maji hujaa kiasi cha saa kumi na hukupwa kabisa kiasi cha saa nne, usiku na mchana. Kila siku inayofuata hukawia kama dakika 50. Basi mshukiwa akidai kwamba usiku wa mwezi mpevu, saa nne, alikuwa anaingiza ngalawa pwani ya Jambiani, mwanamke yeyote anayelima mwani atamcheka. Saa hizo hapo ni mchanga na mashimo ya maji. Lakini hila hii hukata pande zote mbili. Ukiandika mwezi mpevu na maji yamejaa saa nne, watu wa kwenu wataufunga ukurasa. Chagua tarehe, tafuta jedwali la maji la mwaka huo, ndipo uandike.

Angalia na haraka ya mazishi. Huku maiti huzikwa siku hiyo hiyo ikiwezekana. Muuaji anayehimiza maziko anaonekana mcha Mungu, na mpelelezi akichelewa atahitaji amri ya mahakama kufukua kaburi, huku ukoo mzima umemgeuzia mgongo. Mgogoro huo mwandishi wa kigeni hana. Wewe unao bure.

Vyombo vya sheria navyo usivichanganye. Polisi ni wa Muungano, lakini jalada huenda kwa Mkurugenzi wa Mashtaka wa Zanzibar, kesi ya mauaji husikilizwa Mahakama Kuu ya Zanzibar, na rufaa hupanda Mahakama ya Rufani ya Tanzania. Lile baraza la raia 12 wanaoamua hatia, la filamu za Kimarekani, halipo. Futa pia kitambaa cha klorofomu kinachomlaza mtu kwa sekunde tatu (kazi hiyo huchukua dakika kadhaa, na mtu huyo hupigana muda wote), na zile alama safi za vidole ulizoziweka kwenye kamba ya usumba. Alama hutaka kitu laini: kioo, bilauri, bati la rangi.

Na uko pazuri. Muhammed Said Abdulla, mtunzi aliyemleta mpelelezi Bwana Msa, alizaliwa Makunduchi 1918. Hadithi yake ya kwanza ya upelelezi, *Mzimu wa Watu wa Kale*, ilishinda shindano la uandishi la 1957–58 ikachapishwa 1960. Isome tena kwa jicho la fundi, uhesabu maswali anayouliza Bwana Msa katika kila sura.

Hadithi hizi si zinafundisha watu kuua? (Mzee wa barza, Mkokotoni)

Shikamoo, mzee. Uingereza ya miaka ya 1920 na 1930 ilisoma riwaya za mauaji kwa wingi ajabu, na mauaji ya kweli yalikuwa machache. Hilo peke yake linatosha kutia shaka. La halali na haramu tunaliacha kwa mashekhe, ila kisa cha Kabili na Habili tumekisoma sote chuoni, na kimesimuliwa kwa namna ya kutazamwa: pigo lenyewe halielezwi, anayeelezwa ni kunguru anayefukua ardhi na muuaji asiyejua afanye nini na mwili wa nduguye.

Tunachokiona kuwa ni hasara ni kwamba mtazamaji huzoea kudhani muuaji ni mgeni mwerevu anayetembea usiku. Kwa hesabu ya Umoja wa Mataifa, mwaka 2023 wanawake na wasichana kama 85,000 waliuawa kwa makusudi duniani, na kiasi cha 51,100 kati yao waliuawa na waume, wapenzi au jamaa zao. Tamthilia inakufundisha kuogopa kichochoro, wakati hatari mara nyingi ina ufunguo wa nyumba.

Mimi na wenzangu wawili tunataka kuanzisha kipindi cha sauti cha kesi za mauaji za Pemba na Unguja. Tuanzie wapi? (Vijana watatu, Wete)

Anzieni kwa kupima umbali. Msikilizaji wa Chicago akisikia kesi ya Baltimore hatakutana na mama wa marehemu sokoni. Sensa ya 2022 ilihesabu Zanzibar nzima watu 1,889,773. Kipindi chenu kitasikilizwa na mtoto wa aliyeuawa na mtoto wa aliyehukumiwa, pengine wamekaa dawati moja skuli. Kila ushauri unaofuata umetoka hapo.

Chukueni kesi iliyokwisha, rufaa ikiwa imeamuliwa. Iliyoko mahakamani msiiguse. Mnaweza kuharibu ushahidi na kushitakiwa kwa kuidharau mahakama. Hukumu za Mahakama ya Rufani, zikiwemo za rufaa zinazotoka Zanzibar, zinasomwa bure kwenye TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania. Hukumu ya kesi mliyoichagua isomeni yote mara mbili. Mara ya pili shikeni kalamu za rangi nne: moja kwa jambo ambalo pande zote zimelikubali, ya pili kwa alilosema shahidi, ya tatu kwa lililoamuliwa na mahakama, ya nne kwa mnalodhani nyinyi. Rangi hizo zibaki mpaka kwenye karatasi ya kusomea. Sentensi ya rangi ya nne ianze na "tunadhani", au ikatwe. Vipindi vingi huharibika papa hapa: dai la shahidi mmoja, lililokataliwa na jaji, linasomwa kwa sauti nzito kana kwamba ndivyo ilivyokuwa.

Familia iendewe kabla ya kurekodi. Piteni kwa sheha, kisha kwa mzee wa ukoo, bila kinasa sauti mara ya kwanza. Wakikataa, tafuteni kesi nyengine. Msidhani kuficha jina kunatosha: ukisema "fundi pekee wa baiskeli wa kijiji kile", umeshamtaja. Na mambo ya aliyehukumiwa pia yana wenyewe. Watoto wake wasitajwe kabisa.

Sehemu ya dakika 25 hutaka maneno kama 3,000 kwa msomaji asiyekimbia. Tendo la kuua lisizidi dakika moja. Muda mwingi upeni maisha ya marehemu, kisha upelelezi: nani alikosea, ushahidi upi ulipotea, kwa nini shahidi wa pili aliaminiwa kuliko wa kwanza. Huko ndiko kwenye utamu hasa, na ni vigumu zaidi kuandika, ndiyo maana wavivu hukimbilia kelele na muziki wa kutisha.

Muuaji msimpe jina la utani. London mwaka 1888, jina "Jack the Ripper" lilitoka kwenye barua iliyopelekwa kwa wakala wa habari, na baadhi ya maofisa wa polisi waliamini iliandikwa na mwandishi wa habari. Jina hilo linajulikana dunia nzima. Ulizeni barzani kama kuna anayemjua hata mmoja wa wanawake aliowaua.

Jambo la hatari kuliko yote ni kukatiza kisa kila mwisho wa sehemu ili watu warudi wiki ijayo. Ili kukatiza unahitaji mshukiwa, na mkikosa mtamtengeneza. Kipindi cha sauti cha Marekani, *Serial*, cha Sarah Koenig, 2014, kilichunguza upya hukumu ya Adnan Syed kwa mauaji ya Hae Min Lee, Baltimore, 1999. Kilisikilizwa na mamilioni, na wasikilizaji wakageuka wapelelezi mtandaoni wakiwatuhumu watu kwa majina. Hukumu ilifutwa 2022, ikarejeshwa 2023, na 2025 jaji akapunguza kifungo kuwa muda ambao Syed alikwishautumikia, hatia ikabaki. Sababu ya kurejeshwa 2023 iwekeni akilini: kaka wa marehemu hakupewa taarifa mapema ya kutosha kufika mahakamani. Miaka zaidi ya 20 baada ya kifo, familia ilikuwa bado inapigania kiti mahakamani.

Mwisho, karatasi. Ulizeni TCRA (mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania) na Tume ya Utangazaji Zanzibar kuhusu leseni kabla ya kuweka chochote, na someni Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015: kuchapisha unachojua ni uongo ni kosa. Ni ghali kulijua hilo kutoka kwa wakili.

Kwenye kundi la WhatsApp la wazazi ilitumwa video ya mtu anauawa kweli. Mwanangu wa miaka tisa ameiona kwenye simu yangu. Nifanye nini? (Baba, Chake Chake)

Mtoto kwanza. Muulize ameona nini na anaogopa nini. Wengi huogopa kwamba ni mtu wa karibu, au kwamba litatokea usiku huo. Jibu hofu hiyo hiyo aliyoitaja, usiongeze nyengine, wala usimwambie asiitaje tena. Ndoto mbaya za siku chache ni kawaida. Zikipita mwezi, au akianza kukojoa kitandani, mpeleke hospitali.

Kisha simu. Ndani ya WhatsApp fungua Mipangilio, ingia sehemu ya hifadhi na data, na uzime kujipakua kwa picha, sauti na video, kwa bando na kwa Wi-Fi pia. Kama ni Android, zima na mpangilio unaopeleka picha za WhatsApp kwenye galari. Watoto huingilia huko, si kwenye kundi. Mwombe msimamizi aifute kwa wanakundi wote, maana ana uwezo huo, lakini nakala zilizokwisha kuhifadhiwa kwenye galari za watu huweza kubaki, kwa hiyo kila mzazi aambiwe aondoe yake. Isipokuwa jambo moja: kama video inaonesha tukio la karibuni la hapa hapa, msiifute kabla polisi hawajaiona. Peleka simu yenyewe kituoni. Usimtumie mtu yeyote "akuhifadhie".